Dawa ya tezi unameza, uchovu unabaki: tufanye namna gani ku shimo?



Ku kazi yetu mtu aliyechoka anapewa jina mbio sana. Siku ya kwanza wenzake wanamwambia apumzike. Wiki ya pili wanaanza kuhesabu mifuko aliyobeba. Mwezi ukiisha, jina limekwisha kupatikana: "Ule amekuwa muvivu." Na kama uchovu haumuachi, jina la pili linafuata, baya kuliko la kwanza: "Bamemutupia kitu." Kutoka pale ni kwa nabii, ni kwa mufumu, ni mbuzi anauzishwa, na mtu anabaki amechoka vile vile.

Leo nataka kuandika juu ya uchovu mmoja ambao una jina la kiganga, una kipimo, una dawa, na hata vile unasumbua kwa miezi, mara ingine kwa miaka. Ni uchovu wa mtu ambaye tezi yake ya shingo inafanya kazi pole pole, na ambaye amekwisha kuanza dawa. Nasema "amekwisha kuanza dawa" makusudi. Mtu ambaye hajapimwa bado, watu wanamhurumia. Yule mwenye kinini mfukoni ndiye hahurumiwi tena, juu kila mtu anafikiri: dawa amepewa, basi nguvu irudi kesho. Ku sendika kesi hizi zinatufikia kama ugomvi wa mgao. Ekipe haitaki kumpa sehemu yake nzima. Yeye anasema ni mgonjwa. Wao wanajibu: anameza dawa tangu mwezi mzima, mgonjwa gani huyo? Hatuwezi kukata ugomvi kama huu bila kujua dawa ile inatumika namna gani ndani ya mwili.

Tezi yenyewe iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koo, na ina umbo la kipepeo. Inatengeneza homoni zinazoambia mwili uende kwa mwendo gani: moyo, tumbo, misuli, akili, joto la ngozi. Fikirieni motopompe ya kutoa maji shimoni. Ukishusha gazi, motere haizimiki. Inanguruma, unaisikia, lakini maji hayapandi tena. Mtu mwenye tezi dhaifu ni vile. Anatembea, anaongea, anakula, lakini maji hayapandi. Anasikia baridi wakati wengine wanavua shati, na baridi ya milima ya Masisi mnaijua. Tumbo linafunga. Ngozi inakauka, sauti inakuwa nzito, uso unavimba asubuhi, misuli inakaza, kilo zinaongezeka bila kula zaidi. Anasahau: alitumwa kuleta kamba, anarudi na nyundo. Kwa mwanamke damu ya mwezi inaweza kuwa nyingi. Na juu ya yote, uchovu ambao usingizi hauumalizi.

Kichwani, chini ya ubongo, kuna tezi ingine ndogo inayosimamia hii ya shingo kama kapita anavyosimamia watu. Ikiona kazi haiendi, inapiga kelele. Kelele hiyo ndiyo TSH munayoona kwenye karatasi ya labo. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, maana yake, mara nyingi, tezi ya shingo iko chini. Wengi wanachanganya fasi hii: wanaona namba kubwa wanafurahi, "tezi yangu imepanda." Hapana. Kapita anapiga kelele sana juu kazi imelala.

Kuna wanaosema huu ni ugonjwa wa wazungu na wa watu wa mjini. Sisi watu wa Ziwa Kivu ndio wa mwisho wa kusema vile. Kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa hili hili, kinajulikana duniani pote na waganga wa tezi. Katika miaka ya 1960, watafiti waliokuwa wakifanya kazi na IRSAC ya Lwiro walipima watu wa Idjwi. Walikuta kaskazini ya kisiwa rovu ni nyingi sana, ile tunayoita goita, na kusini-magharibi ni kidogo, lakini iodi katika chakula ilikuwa pungufu pande zote mbili. Walipotafuta tofauti, muhogo ulionekana. Muhogo usiotayarishwa vizuri unaacha sumu ambayo mwili unaigeuza kuwa kitu kinachozuia tezi kuchukua iodi. Kazi ya Delange na Ermans juu ya Idjwi ilitoka mwaka 1971, na mpaka leo inasomeshwa. Maana yake kwa mama wa nyumba ni rahisi: loweka muhogo siku zake zote, usikatishe njia kwa sababu soko linangoja, na pika na chumvi yenye iodi.

Lakini musikimbie kununua matone ya iodi ili kutibu uchovu. Chumvi yenye iodi ilipoingia kwetu, wengi ilisaidia, lakini kuna watu ambao tezi zao, zilizokaa na njaa ya iodi miaka mingi, zilianza kwenda mbio kupita kiasi. Jambo hilo la Kivu liliandikwa katika jarida la waganga, The Lancet, mwaka 1996. Tena, mtu aliye tayari ku dawa ya tezi anapokea homoni iliyokamilika. Iodi ya kuongeza haimpi nguvu yoyote.

Sababu ya tezi kulala si iodi peke yake. Kuna mwili unaoshambulia tezi yake mwenyewe, ugonjwa ambao Mjapani Hakaru Hashimoto aliuandika mwaka 1912. Kuna waliopasuliwa goita, tezi ikatolewa yote ao sehemu, na hawakuelezwa vizuri kwamba aliyetolewa tezi nzima anahitaji kinini maisha yote. Hawa wa mwisho tunao wengi kati yetu. Kovu la shingo linaonekana, lakini dawa imeachwa zamani.

Sasa tuje ku dawa. Inaitwa levotiroksini, kwenye kisanduku mtaona imeandikwa lévothyroxine. Iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya OMS. Si dawa mpya ya kujaribu watu: tangu mwaka 1891, ku Newcastle, Uingereza, munganga George Murray alimdunga mama mmoja wa miaka 46 maji yaliyotolewa ndani ya tezi ya kondoo. Mama yule alikuwa amekwisha, uso umevimba, hawezi kazi. Aliinuka na akaishi karibu miaka 28 ingine akiendelea na dawa ya tezi. Baadaye, mwaka 1914, Mmarekani Edward Kendall akatenga homoni yenyewe, na mwaka 1927 Harington na Barger wakaweza kuitengeneza bila mnyama. Ninasimulia haya juu ya wale wanaoogopa "dawa ya maisha yote". Yule mama alikuwa na maisha yote ya kuipokea kwa sababu aliipokea.

Mbona basi mtu anameza na bado anachoka?

Sababu ya kwanza ni wakati, na hapa ndipo ekipe nyingi zinakosea hukumu. Levotiroksini haiko kama kinini cha kichwa. Inaingia pole pole na inatoka pole pole. Kiasi kilichoingia leo, nusu yake inabaki damuni baada ya wiki moja hivi. Kwa hiyo inaomba karibu wiki sita ili dawa ijae kwa kiwango chake cha kweli. Ndiyo maana munganga anakuambia urudi kupima TSH baada ya wiki sita mpaka nane, si baada ya siku kumi. Akiona TSH bado iko juu, anaongeza kidogo, na hesabu ya wiki sita inaanza tena. Mzee, ao mtu mwenye ugonjwa wa moyo, anaanzishwa chini sana, mikrogramu 25 kwa mfano, na anapandishwa kwa uangalifu, juu moyo uliozoea kwenda pole ukisukumwa ghafla unaweza kuharibika. Hesabuni wenyewe: kiasi kikibadilishwa mara mbili tu, miezi minne imepita. Na misuli inaweza kuchelewa hata kuliko namba za labo. Mtu wa miezi miwili ku dawa ambaye bado hawezi kubeba mfuko wake wa kilo 50 kupanda mlima, huyo hajadanganya mtu.

Sababu ya pili ni namna ya kumeza, na hii iko mikononi mwetu. Kinini hiki kinaomba tumbo tupu na maji matupu. Nusu saa mpaka saa moja kabla ya kula. Sasa angalieni asubuhi ya mchimbaji: saa kumi na moja ameamka, kahawa ya moto, ao chai ya maziwa, ao uji wa sosoma, kinini ndani ya mdomo pamoja na yote hayo, na njiani. Kahawa inazuia dawa kuingia. Maziwa yanazuia. Soja iliyo ndani ya sosoma inazuia. Mtu anameza mia, mwili unapata sehemu tu. Halafu munganga anaona TSH haishuki, anaongeza kiasi, kumbe shida ilikuwa kikombe.

Kwa wale ambao asubuhi yao haiwezekani, kuna njia ingine: kumeza usiku wakati wa kulala, kama saa tatu au zaidi zimepita tangu chakula cha mwisho. Mchimbaji anayekula saa kumi na mbili jioni na kulala saa tatu usiku, hiyo inamfaa sana. Mwambieni munganga kabla ya kugeuza, na mukichagua saa moja, mukae na saa hiyo. Mama wa nyumba ndiye saa ya kweli hapa. Nimeona nyumba ambapo kinini kinawekwa juu ya kitambaa karibu na mtungi wa maji ya kunywa, na hakuna anayewasha moto wa chai kabla baba hajakimeza. Hiyo inasaidia kuliko mahubiri.

Halafu kiasi chenyewe. Vinini viko vya 25, vya 50, vya 100, na vingine katikati. Farmasi ikimaliza cha 50 inaweza kukupa kisanduku cha 100, na wewe unaendelea na kinini kimoja kama zamani, sasa mara mbili. Somesheni watoto wasome namba juu ya kisanduku kila mara kinaponunuliwa. Na usikibebe ndani ya mfuko wa suruali unapoingia shimoni. Joto, jasho na maji vinaharibu dawa hii. Ibaki ndani ya kifungashio chake, fasi kavu na ya baridi, mbali na jua. Aliyesahau siku moja asipanike, juu dawa ya jana bado imo mwilini. Aulize munganga kama ameze alichosahau ao aendelee tu. Aliyesahau siku tano kwa wiki, huyo hana tena dawa, ana kisanduku.

Na musiongeze wenyewe. Najua kishawishi. Mtu anasema: kimoja kinanipa nguvu kidogo, viwili vitanipa nguvu mbili. Havitampa. Vitampa moyo unaogonga kama nyundo, mikono inayotetemeka, jasho, usiku bila usingizi, na kwa muda mrefu mifupa dhaifu. Mikono inayotetemeka ku kamba ya shimo, sina haja ya kueleza.

Sababu ya tatu ndiyo ninayotaka tukae nayo zaidi, juu inatuhusu sisi wachimbaji kuliko watu wa ofisi. Mtu anaweza kuwa na tezi iliyotulia kabisa ku dawa, TSH nzuri, na bado akachoka kwa sababu ya kitu kingine. Tezi imekuwa jina la ugonjwa wake, na kila uchovu unabebeshwa tezi. Wakati huo damu yake inaisha.

Kati ya mwaka 1872 na 1882, ku Uswisi, watu walitoboa mlima wa Gotthard ili gari la moshi lipite. Wafanyakazi walianza kufifia: weupe wa macho, pumzi fupi, magoti yanaanguka. Wengine walikufa. Mwaka 1880 mtafiti wa Torino, Edoardo Perroncito, alionyesha sababu: mnyoo mdogo unaoitwa ankilostoma, unaokaa tumboni na kunyonya damu. Unaingia kwa ngozi ya mguu mtupu, fasi yenye tope ambako watu wanajisaidia ovyo. Ugonjwa huo uliitwa kwa miaka mingi anemia ya wachimbaji. Sasa tazameni miguu yetu, na tope letu, na swali la choo ku machimbo mengi: liko wapi? Perroncito angekuja leo, angejua kazi ya kuanza nayo.

Kwa hiyo mtu wa tezi anayechoka bado, aombe wampime damu, wamtazame na minyoo, na malaria. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili apimwe kifua kikuu, juu vumbi la mwamba na kifua kikuu wanatembea pamoja. Anayekoroma sana na kuamka kama hakulala, aseme pia, maana usingizi wa namna hiyo ni ugonjwa na tezi dhaifu inauzidisha. Huzuni nayo inachosha: mtu aliyekimbia nyumba yake mara tatu ana sababu za kuchoka ambazo labo haizioni, na kuzisema mbele ya munganga si aibu.

Lakini angalieni mtego ulio hapa. Ukikutwa damu imepungua, utapewa vinini vya chuma, vile vyekundu ao vyeusi vinavyogeuza choo rangi. Chuma kikikutana na dawa ya tezi tumboni, kinaishika na kuizuia. Unatibu damu, unarudisha tezi chini, na uchovu unabaki pale pale. Viachanishwe saa nne. Vile vile kalisiamu, na dawa ya kutafuna ya moto wa tumbo ambayo wengi wetu tunainunua kama pipi. Kama ni kifua kikuu, dawa moja yake, rifampisini, inafanya mwili umalize homoni ya tezi mbio zaidi, na mara nyingi kiasi cha levotiroksini kinapaswa kupandishwa wakati wa matibabu na kupimwa tena baadaye. Ao kwa maneno mafupi: kila munganga mpya unayekutana naye, wa kifua, wa tumbo, wa uzazi, mwambie mwanzoni kabisa "niko ku dawa ya tezi." Asipouliza, sema wewe.

Bamama, ugonjwa huu unawachagua ninyi kuliko wanaume, mara nyingi zaidi. Na unapenda kuingia katika mwaka wa kwanza kisha kuzaa, wakati ambapo kila mtu anasema uchovu ni wa mtoto. Aliye ku dawa na akashika mimba asingoje kliniki ya mwezi wa nne. Mwili unaomba dawa zaidi tangu wiki za kwanza, mara nyingi robo zaidi ya kiasi cha zamani ao kupita kidogo, juu mtoto tumboni anategemea homoni ya mama yake ili ubongo wake ukue. Usiache kinini kwa sababu "mimba haipendi dawa". Hii mimba inaihitaji. Nimesikia bamama wanaobeba mawe mpaka mwezi wa nane wakiambiwa na wenye kununua kwamba mwenye mimba ni mvivu kwa asili. Siwajibu hapa, gazeti lina heshima yake.

Kuna pia wachache, niseme kweli, ambao tezi imetulia, damu ni nzuri, wanalala, na uchovu haujaisha wote. Waganga wanalijua jambo hilo na bado wanalibishania. Kwa mtu wa namna hiyo, kazi inabaki kupanga nguvu yake sawa na anayepanga feza kidogo. Asimalize yote siku aliyoamka vizuri, maana atalipa siku tatu. Kazi nzito aiweke kwa saa zake za nguvu, kwa wengi ni asubuhi. Apumzike kabla ya kuanguka. Apande kidogo kidogo: wiki hii nusu ya mfuko, wiki ijayo ongeza. Alale saa ile ile. Pombe ya sashe na vile vinywaji vya "nguvu" vya chupa ndogo ni mkopo: vinakupa saa mbili na vinachukua usiku.

Hiyo ni upande wa mgonjwa. Upande wa ekipe sasa.

Ku koltani ya Rubaya ao ku kasiterite ya Bisie, kosa la mtu mmoja linalipwa na wote walio chini. Mtu ambaye akili yake inachelewa, ambaye misuli inakaza ghafla, si wa kushika kamba ya mwenzake wala wa kusimamisha mbao za kuzuia udongo. Kumlazimisha aingie ili apate sehemu yake ni kuweka ekipe nzima hatarini. Kumfukuza ni kumwambia mwingine yeyote mwenye ugonjwa afiche. Na ugonjwa uliofichwa ndio unaoingia shimoni kila asubuhi.

Tunachoomba ku sendika ni mpango wa kuandikwa kabla mtu hajagonjwa. Wakati kiasi cha dawa kinatafutwa, wiki nane za kwanza na wiki sita mpaka nane kisha kila badiliko, mtu abaki juu: ahesabu mifuko, aandike daftari, alinde vyombo, aite majina ya walioingia na waliotoka. Hii ya mwisho si kazi ya huruma. Shimo likianguka, yeye ndiye anayejua ni wangapi wako chini. Sehemu yake ipunguzwe kama ekipe inaona vile, lakini kiasi kisemwe mwanzoni, mbele ya wote, si jioni ya mgao wakati mtu ameshika mzani. Ekipe moja ninayoijua iliafikiana nusu ya sehemu kwa miezi miwili, na kila mmoja akaweka kitu kidogo ku sanduku. Walibishana siku nzima kufikia pale. Ilikuwa siku nzuri ya kubishana.

Kwa wenzetu wenye mkataba ku kompanyi, sheria iko. Code du travail ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inasema ugonjwa unasimamisha mkataba, hauuvunji siku ile ile, na mwenye kazi analipia matunzo ya mfanyakazi na ya jamaa yake. Leteni karatasi ya munganga, na muombe iandike si jina la ugonjwa tu, bali kazi gani mtu asifanye na kwa wiki ngapi. Karatasi inayosema "repos" bila siku, kapita anaitupa. Mchimbaji wa mkono hana mkataba wa kusimamishwa. Code minier iliyogeuzwa mwaka 2018 inamtaka awe ndani ya koperative, basi koperative inayochukua mchango wake kila mwezi iulizwe sanduku la ugonjwa liko wapi.

Nimalizie na barabara, juu dawa nzuri isiyofika ni hadisi. Mwezi wa pili 2024 vita ilifika Shasha, na njia ya Sake kwenda Minova ikakatika. Wale wenye tezi walikimbia bila kisanduku kama wengine walivyokimbia bila sufuria. Kisha wiki chache tezi inarudi ilipokuwa, pole pole, na mtu hafahamu tena ni uchovu wa safari ao ni ugonjwa. Basi: akiba ya mwezi mmoja kama mfuko unaruhusu, na mukigawana gharama ya motari mmoja anayekwenda mjini kununulia watu wanne watano, itawezekana. Kipimo cha TSH hakifanywi ku kila kituo cha afya, kwa hiyo ulizeni Kirotshe ao Goma kabla ya kulipa safari. Karatasi ndogo ndani ya plastiki, pamoja na kitambulisho: jina la dawa, mikrogramu ngapi, TSH ya mwisho na tarehe yake. Munganga wa kambi asiyekujua ataendelea pale mwenzake alipoachia.

Na jamaa mkiona mtu wa tezi, hasa aliyeacha dawa, anakuwa baridi mwili mzima, anasinzia hata akiitwa, maneno yanachanganyika, pumzi inakuwa pole pole, musingoje asubuhi na musimpe chai. Ni hospitali usiku ule ule. Vile vile aliye ku dawa ambaye moyo unakimbia bila kutulia ao kifua kinamuuma. Mchukue na kisanduku chake.